Mama mkwe mtarajiwa alivyotuhumiwa dawa kule Ipole, nikamtetea kwa hesabu za combination

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa shikamooni.

Hiki ninachosimulia sijaongeza chumvi. Anayebisha aende Ipole akaulize, ila asiseme nimemtuma mimi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Tabora mjini, kwetu ni Lusu, Nzega. Mchumba wangu Kulwa anatoka Ipole, kule Sikonge, kwenye tumbaku na nyuki. Mama yake yuko kwenye kikundi cha akina mama wafugaji nyuki. Wako wanane.

Kikundi kina vitalu vinane vya kutundika mizinga, vimepangana mstari mmoja kando ya korongo. Kila mwaka wanapiga kura, kila mtu na kitalu chake. Kibuyu cha vikaratasi anashika Ndahani, fundi baiskeli, Mgogo. Wanampa yeye kwa sababu ni mtani wao, na mtani hana upande.

Mwaka huu Mama Kulwa akapata kitalu cha tatu. Mdogo wake, Mama Shija, akapata cha nne.

Basi ikawa nongwa. Katibu wa kikundi, Bi Mwashi, akasema haiwezekani ndugu wa tumbo moja waangukie pamoja kati ya vitalu vinane, hapo kuna dawa. Kufika jioni kijiji kizima kinajua. Kikapangwa kikao cha kuwatoa wote wawili kikundini.

Kulwa akanipigia analia. Mama yake kasema harusi isimame. Hawezi kupokea wageni huku anaitwa mchawi.

Wakuu, mahari nilishamaliza na kadi zilishachapwa. Nikawasha pikipiki.

Njiani nikapiga hesabu kichwani, nikafika natabasamu. Tatizo likawa moja: kule mkwe hasimami uso kwa uso na mama mkwe, wala hamsemeshi. Mkikutana njiani, mmoja anapisha kichakani. Sasa unamteteaje mtu usiyeruhusiwa hata kumtazama?

Tukakubaliana hivi: mimi nikae nyuma ya ukuta wa ghala la asali, niongee, na Ndahani apeleke maneno kikaoni. Naam, nimefundisha combination nikiwa nimeutazama ukuta.

Nikaanza. Vitalu viwili kati ya vinane unaweza kuvichagua kwa njia ngapi? Chukulia watu wanane wanapeana mikono. Wa kwanza anashika mikono saba, wa pili imebaki sita, halafu tano, hivyo hivyo hadi moja. Jumlisha, unapata ishirini na nane.

Katika hizo, zinazogusana ni ngapi? Moja na mbili, mbili na tatu, mpaka saba na nane. Ni saba tu.

Saba kwa ishirini na nane ni robo. Maana yake kila kura nne, tegemea kama mara moja hivi ndugu hawa kukaa jirani. Na hapo sijagusa wifi, mashemeji na mabinamu waliojaa kwenye kikundi hicho hicho!

Nikamsikia Ndahani akitafsiri: "Mkwe anasema hivi: mtu akipika ugali mara nne, mara moja unaungua. Sasa nyie kila ukiungua mnaita mganga? Wanyamwezi bwana, mlibeba mizigo ya watu mpaka pwani, hesabu mkaziacha njiani!"

Watu wakacheka. Bi Mwashi hakucheka. "Maneno matupu hayo. Kura irudiwe hapa hapa, na kibuyu nitashika mimi."

Nikasema sawa, irudiwe hata mara ishirini.

Akatikisa kibuyu weee. Wakachukua vikaratasi mmoja mmoja. Mama Kulwa, kitalu cha sita. Mama Shija...

Cha tano.

Nyuma ya ukuta jasho likanitoka. Najua robo ni robo na inaweza kuja hata mara mbili mfululizo, lakini nenda kawaelezee hilo watu walioshakasirika. Nilishaiona harusi inaondoka hivi hivi.

Ndipo Ndahani akasema kwa upole kabisa: "Kumbe dawa yenyewe ipo mkononi mwa katibu."

"Mkono wangu hauna dawa!" Bi Mwashi akaruka.

"Basi hawa wamekaaje pamoja?"

Bi Mwashi, na hapa nampa heshima yake, akakaa chini akasema, "Haya, turudie tuone."

Wakarudia mpaka ikawa mchezo. Akina mama wanapiga vigelegele, Ndahani anachora alama chini kwa kijiti. Katika mara ishirini, wale ndugu waligusana mara sita. Bi Mwashi mwenyewe akaangukia jirani na wifi yake mara kadhaa, na kila mara akazomewa. Mwisho akasimama akamwomba Mama Kulwa msamaha mbele ya wote. Vitalu vikabaki vilevile, tatu na nne.

Jioni naelekea kwenye pikipiki, nikamwona Mama Kulwa anakuja njia ile ile. Nikapisha, nikageuka. Yeye hakupita. Akasimama kunipa mgongo, akaanza kuongea na mzinga mkuukuu ulioegeshwa pale.

"Wewe mzinga, ukimwona yule mwalimu mwambie harusi ipo palepale. Na mwambie aje na ndoo kubwa, asali ya kitalu cha tatu ni yake."

Nikaugeukia mzinga huo huo.

"Mzinga, shikamoo."

Kisha, kwa sauti ya chini:

"Marahaba, mwanangu."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: kabla hujasema haiwezekani, hesabu kwanza njia zote. Vitu vingi tunavyoviita maajabu ni robo tu.

Nanyi mtupie yenu hapa, jambo gani uliliita uchawi, kumbe ni hesabu? Wataalamu mkiona nimekosea mahali nikosoeni taratibu, maana Kulwa anamsomea mama uzi huu.