Mwalimu Aliyeuliza Njia ya Manguredjipa

Kavugho Rébecca alikuwa fundi wa sare za shule. Pale Furu, mtaa wa Butembo, mashariki mwa Kongo, ambako watu huamka na ukungu, cherehani yake ilikaa barazani, na kila mwezi wa nane akina mama walisukumana na watoto wao wapimwe mabega. Mwaka wa mgomo wa walimu hawakuja. Mwezi wa tisa ukaisha, wa kumi ukaingia, milango ya shule bado ina kufuli, na mashati meupe aliyokwisha kushona yalikaa ndani ya mfuko yakianza kunuka unyevu.

Watoto wake wawili walishinda nyumbani. Bénite alipaswa kuwa darasa la sita, mdogo wake Kahongya la tatu. Baba yao, Kitsa, alinunua dhahabu kidogo kidogo kwa wachimbaji wa Manguredjipa na kuileta mjini, kazi ambayo mtu haitangazi barabarani. Jirani akimuulizia, Kavugho alijibu tu, "Iko ku shamba." Na aliyerudia kuuliza, Kavugho alianza kumtilia shaka.

Ndipo akaja Élise. Alikuwa mtu wa Kisangani, mke wa Omer, karani wa serikali aliyetumwa kufanya kazi Butembo. Nyumbani kwao waliongea Lingala, na jioni wageni wa mumewe waliingia na kutoka, wengine wamevaa sare za jeshi. Siku hiyo Élise alileta gauni la kupunguza kiuno. Aliwatazama watoto waliokuwa wakirushiana vifungo.

"Mama Bénite, batoto banakaa bure. Mi nilikuwa mwalimu kule kwetu. Naweza kubafundisha asubui pamoja na mutoto wangu Elikia. Programme ni ile ile ya état, ya serikali, hapana ingine."

"Na weye utapata nini?"

Élise akacheka, akaligusa gauni lake. "Utanishoneya robe."

Kavugho hakucheka. Mtu anayetaka kidogo alimtia wasiwasi kuliko anayetaka kingi. Lakini mtihani wa mwisho wa darasa la sita haumsubiri mtoto wa mtu, akakubali.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Bénite alianza kusoma Kifaransa kwenye kila kitu kilichoandikwa: kopo la maziwa, boksi la dawa, hata matangazo ya msiba. Mama yake alikuwa akimsikia huku akikanyaga cherehani, na moyo wake ukaanza kutulia.

Adhuhuri moja Kahongya akarudi amejaa furaha.

"Mama, leo tulichora njia!"

"Njia gani?"

"Kila mutoto njia ya kwenda kwenye papa yake anatumika kazi. Mi nilichora ya Manguredjipa. Madame alisema yangu njo muzuri. Aliuliza kama kuko mito. Aliuliza kama papa anapita na moto ao na miguu."

Mguu wa Kavugho ukasimama juu ya kanyagio.

"Na weye ulijibu nini?"

"Moto," Kahongya akasema, akiiga mlio wa pikipiki.

"Karatasi iko wapi?"

"Madame alibaki nayo."

Siku hiyo Kavugho alishona mkono wa koti kinyume na hakuliona kosa lake hadi mwenye koti alipolijaribu. Njia ya Manguredjipa si njia ya kuchorwa. Watu walikuwa wanapotea kule, na wale waliorudi walisema watekaji walijua majina yao kabla ya kuwasimamisha. Mtu aliwaambia. Lakini nani? Kila nyumba ya Furu ilikuwa na jibu lake, na majibu mengi yaliangukia watu waliotoka mbali.

Hakumwambia mtu neno. Ndiyo maana alishtuka siku chache baadaye, shemeji yake Syauswa alipoingia na begi lake kutoka Kasindi. Syauswa alikuwa mdogo wa Kitsa, mfanyabiashara wa mpaka wa Uganda, mtu wa maneno matamu. Hakukaa hata chini.

"Shemeji, unapeleka batoto kwa ule muke wa Kisangani? Jichunge. Banasema anauliza batoto njia ya baba yao."

"Nani anasema?"

"Batu."

Kavugho akaacha kushona. Kama watu walishajua, basi jambo lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Syauswa akafungua begi, akatoa tablette moja nyeusi, kifaa cha kioo, kati ya zile alizokuwa akiuza.

"Hii hapana uliza mutu kitu. Masomo yote iko ndani, ya kizungu cha Uganda. Mutoto wangu Mathe anasomea hii, uulize kama hajue."

Kavugho akayauza mashati yale meupe kwa hasara, akaichukua. Kesho yake watoto hawakwenda kwa Élise. Na wiki hiyo hiyo habari ikaingia mjini: mwenye pikipiki mmoja, mtu aliyezoea kusafiri na Kitsa, amesimamishwa njiani na kunyang'anywa kila kitu hadi viatu. Kitsa mwenyewe alifika salama kwa sababu alichelewa kuondoka. Kavugho hakuhitaji ushahidi mwingine. Alipokutana na Élise karibu na bomba la maji, Élise akaita, "Mama Bénite!" naye akapita kama aliyeitwa ni mwingine.

Tablette ilileta utulivu nyumbani. Kahongya aliimba herufi kwa Kiingereza, akahesabu matufaha na vichwa vya treni, vitu ambavyo hakuvijua. Akigusa jibu baya, kifaa kilitoa sauti ya kilio. Akigusa zuri, nyota zilianguka kwenye kioo. Kavugho alizipenda nyota zile. Alizisikia zikilia kama kengele mchana kutwa, akadhani akili inaingia.

Hadi alipokaa siku moja kando ya mtoto na sindano mkononi. Kahongya hakuwa akisoma swali. Aliligusa jibu la kwanza, kilio; la pili, kilio; la tatu, nyota. Kisha mbele.

"Swali ilisema nini?"

"Sijue. Mais nilipata."

Akamwita Bénite, akampa boksi la dawa. Msichana alisoma polepole, Kifaransa kikitoka mdomoni kimevaa Kiingereza, kisha akaliweka boksi chini na kuanza kulia.

Kwa Mathe, mtoto wa Syauswa, masomo yale hayakuwa mabaya. Mathe aliishi Kasindi. Asubuhi alivuka na watoto wengine kwenda shule upande wa pili, na jioni alikisikia Kiingereza kwa madereva wa malori na wabadilisha fedha. Alichojifunza kwenye kioo kilimsubiri nje ya mlango. Furu nje ya mlango kulikuwa na Kinande, Kiswahili na Kifaransa cha redio.

Redio, kwa vipindi vyake vya shule, ndiyo iliyokuwa mwalimu nyumbani kwa Tamar, muuza nyanya wa jirani, mjane mwenye binti mmoja. Alikuja kubadilisha zipu, Kavugho akamuuliza kama redio inafundisha kweli.

"Mwanzo ilishindwa," Tamar akasema. "Inaongea, mutoto analala. Nikaibeba ku soko. Sasa somo ikiisha, lazima anielezeye yote mu Kinande, njo namimi nijue. Baclients ba nyanya banasimama kusikia. Mara moja nilitoa nyanya bure juu ya kusikiliza hadisi ya moyo na damu."

Wakacheka. Kisha Tamar akasema, bila kujua alichokuwa akikifungua, "Shemeji wako aliniletea ile tablette namimi. Nikakataa. Akaniambia nijichunge na madame wa Kisangani, ati anauliza batoto njia ya baba yao. Nikamujibu: wangu hana baba, atamuuliza njia gani?"

"Alikuambia vile? Na maneno ile ile?"

"Ile ile. Na kwa mama anakaa pale ku kona alisema vile vile."

Kavugho akaiweka zipu chini. Tamar alipoondoka, akamwita Kahongya.

"Ile siku ya kuchora njia, uliambia nani?"

"Weye."

"Na nani tena?"

Mtoto akafikiri. "Papa Syauswa. Alipiga simu kuuliza papa, weye ulikuwa ku bomba."

Basi wale "batu" walikuwa mtoto wake mwenyewe. Syauswa alilichukua neno la Kahongya, akalitia kwenye begi pamoja na tablette zake, na kila mlango aliobisha alilitanguliza neno kwanza, bidhaa baadaye.

Akampigia simu papo hapo. "Ulikamata neno ya mutoto wangu, ukaenda kuiuzisha."

Syauswa hakukana. "Shemeji, mais ilikuwa uongo?"

Kavugho akakata simu. Haikuwa uongo. Njia iliulizwa, karatasi ilibaki kule. Mtu anaweza kukuambia la kweli kwa nia mbaya, na wewe ukabaki hujui la kufanya nalo.

Akajifunga kitenge, akaenda kwa Élise mchana kweupe, watu wakiona. Alimkuta peke yake na mwanawe. Akina mama wengine nao walikuwa wamewaondoa watoto wao, ubao uliegemezwa ukutani, na Elikia alikaa kizingitini amempa mama yake mgongo.

"Nilijua utakuya," Élise akasema, "ao hautakuya tena kabisa."

"Karatasi ya mutoto wangu iko wapi?"

"Nilichoma. Yote."

"Juu ya nini?"

Élise akatazama ndani ya nyumba kwanza, kisha akashusha sauti. "Géographie inaanza ku mulango ya nyumba, njo vile tulifundishwa. Kisangani nilikuwa nachorisha batoto njia ya kwenda ku mto, ku soko. Hapa sikufikiri. Jioni barafiki ya Omer balikuya. Moja akakamata karatasi ya Kahongya ku meza, akaiangalia sana. Akaniuliza, huyu ni mutoto wa nani? Nikasema sijue. Balipoondoka nikazitia zote mu jiko ya makala."

"Ule mutu ni nani?"

"Mi pia simujue muzuri, Mama. Njo maana nilichoma."

Kavugho akayageuza maneno yale kichwani. Kama huyu mwanamke anadanganya, kwa nini achague uongo unaomchafua yeye na nyumba yake? Na kama anasema kweli, basi kuna jicho lililokwisha kuiona njia ya Kitsa. Hakuna upande uliompa usingizi. Alikuja akidhani Élise ndiye wa kuogopwa, kumbe wote wawili walikuwa wakiogopa.

Kitsa aliposimuliwa alinung'unika, akasema wanawake wanakuza mambo. Lakini aliiacha pikipiki. Alianza kurudi juu ya malori ya mbao, kwa siku ambazo hakuzitaja hata kwa mkewe. Hilo lilimuuma Kavugho, ingawa yeye ndiye aliyempa wazo.

Masomo akayarudisha kwa masharti yake.

"Utafundishia kwangu, ku baraza, mbele ya macho yangu. Na hapana njia, hapana kuuliza mambo ya nyumba."

"Na Elikia?" Élise akauliza. "Mi mwenyewe amenichoka. Nikifungua kitabu anaanza kuumwa kichwa."

"Alete kichwa hapa."

Hivyo baraza likawa darasa. Élise alifuata kitabu cha serikali, lakini alijifunza kukikata: hesabu ya mkulima wa ngano wa kwenye kitabu ikageuka ya muuza viazi wa Lubero. Hesabu za Elikia aliziandika Élise mwenyewe kwenye kipande cha karatasi, akampa Kavugho amsomee. Zilikuwa hesabu zile zile alizozikataa kwa mama yake. Zikitoka mdomo mwingine alizifanya bila kichwa kuuma. Élise aliliona hilo, akageuza uso kuelekea ubaoni.

Kavugho hakuacha kusikiliza. Mara nyingine cherehani ilinyamaza ghafla.

"Swali ile ni ya nini?"

"Ni ya grammaire, Mama Bénite. 'Mon père revient', papa yangu anarudi. Ni verbe tu."

"Tafuta verbe ingine."

Élise akafuta, akaandika mbuzi badala ya baba.

Shule zilipofunguliwa, mkurugenzi wa shule, Onésime, aliwapima watoto mmoja mmoja kabla ya kuwaweka madarasani, maana kila nyumba ilikuwa imefundisha kivyake. Bénite aliingia la sita. Kahongya alirudishwa la pili.

"Rangi zote anazijua kwa kiingereza," Onésime akamwambia mama yake, "mais kugawa, hapana. Na anajibu mbele nimalize kuuliza."

Binti wa Tamar alieleza mapafu na mzunguko wa damu hadi mwalimu akaacha kalamu kumsikiliza. Alipoambiwa aandike, herufi zilipanda na kushuka kama vilima, kwa sababu redio haioni mkono wa mtoto. Elikia alipita, na alipoulizwa nani alimfundisha hesabu alisema fundi. Élise alikuwepo. Alitabasamu, lakini njiani alitembea mbele ya mwanawe.

Mwisho wa mwaka Bénite alifaulu. Kavugho alimshonea Élise gauni lile la ahadi, la kitenge kizuri, na Élise akasema "wasingya", neno lake moja la Kinande la kushukuru, akilitamka vibaya. Lakini hawakupata kukaa pamoja tu, bila watoto. Mmoja akianza habari ya mume wake, mwingine aliinuka kwenda kuangalia chungu.

Kisha Omer akahamishiwa Beni, nao wakaenda. Kule, baadhi ya watoto walikuwa wamekimbia vita upande wa Mabalako na hawakuwa na shule. Élise akaanza kukusanya wachache nyumbani kwake. Mama mmoja akasitasita. Akamwambia Élise ampe namba ya mtu aliyewahi kumkabidhi watoto wake.

Simu ikalia barazani kwa Kavugho, sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Mama, nilipewa namba yako na Madame Élise. Ule mutu, ni muzuri?"

Kavugho akaitazama barabara, wapita njia na matope, akapima neno lake.

"Batoto atabafundisha muzuri," akasema. "Wangu alipita. Utume tu. Mais weye mwenyewe kaa pale pale, uangalie."

Yule mama akashukuru. Wiki iliyofuata, Élise alimwandikia ujumbe kwamba watoto wameongezeka, na kwamba yule mama anakuja na wake kila asubuhi, amebeba kigoda chake cha kukalia.