Koki Nilizozibandika Namba

Nafanya kazi katika kampuni inayosimamia majengo ya watu Kariakoo. Lifti ikikwama au bomba likivuja, mpangaji ananipigia mimi. Najua sinki la nani limeziba na mlango wa nani haufungi, ila sidhani kama kuna mpangaji angegundua nikiumwa wiki nzima. Mtu pekee niliyekula naye mchana alikuwa fundi bomba wetu, kaka mmoja wa Lindi. Tulikaa kwenye ngazi za kupandia paani, tukagawana chapati.

Paani kuna koki kumi na tisa, na fundi alizitambua kwa vitambaa alivyozifungia: kitenge cha maua kwa bibi wa ghorofa ya sita, kipande cha jezi kwa stoo ya viatu. Vitambaa vile vilininyima raha. Kazi nimejifunza mwenyewe kwenye simu, chuo sijakanyaga, na naogopa mno kuonekana sijui. Jumamosi moja nilipanda na ramani ya jengo, nikafungua vitambaa vyote, nikabandika namba zilizochapwa. Nikazipiga picha kabisa.

Sikujua kwamba ramani ilichorwa kabla ghorofa hazijagawanywa kuwa stoo.

Jumatatu kiungo cha bomba kilivuja kwenye stoo ya viatu. Fundi alinipigia kutoka paani.

"Vitambaa vyangu viko wapi?"

"Nimeweka namba, kaka. Funga saba."

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Aliniamini. Alifunga saba, akashuka, akafungua kiungo bila kujaribu kwanza kama maji yamekatika. Maji yakaruka mpaka darini. Nilipofika, mwenye stoo alikuwa amebeba maboksi yaliyolowa.

"Mmeniletea mafuriko ya Jangwani huku juu!" alifoka. "Nyie ni kampuni au kikundi cha ngoma?"

Bosi wangu naye akafika, akauliza nani kafunga koki. Fundi alinitazama. Nilitazama sakafu. Alisubiri kidogo, kisha akasema, "Mimi."

"Basi usirudi hapa," bosi akamwambia.

Siku mbili nilikula mchana peke yangu kwenye zile ngazi. Ya tatu niliingia kwa bosi nikamweleza yote: vitambaa, ramani, namba saba. Hakufoka.

"Ungesema palepale," alisema. "Fundi mwingine keshaanza."

Nikampigia yule kaka. Nyuma yake kulikuwa na kelele za mashine ya kukatia chuma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikamwambia kosa lilikuwa langu, na kwamba bosi sasa anajua.

"Mimi nililijua siku ileile, mdogo wangu. Nilikuwa nakusubiri useme."

Akanieleza amepata kibarua mtaa wa Gerezani, kwenye karakana. Nilimwomba tukutane mchana mmoja, nimfuate hukohuko. Kwa mguu ni karibu tu. Akasema ataangalia.

Huu ni mwezi wa pili sasa. Hajapiga, na mimi naona aibu kupiga tena.