Mgongo Uliogombaniwa Mbotela

Mume wangu Luseno alikuwa akishikwa na ugonjwa wa asubuhi kama mja mzito. Akiamka hataki chai, hataki mkate. Anaketi kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya kupanga ya kaunsili ya jiji pale Mbotela, penseli sikioni, anautazama mtaa kana kwamba umemkosea. Mimi nikimwona hivyo navuta cherehani yangu kando, maana najua swali linakuja.

"Mama Jacky, leo nichore nini?"

Sasa mimi, Waithera, ni fundi wa sare za shule. Ukiniletea kitambaa cha kijani na kipimo cha mtoto, nakata, nashona, kwisha maneno. Huyu Mluhya wangu naye alichagua kuchora katuni katika gazeti la Mlio, na Mlio lilitoka kila siku isipokuwa Jumapili, kwa hiyo kila siku isipokuwa Jumapili nilikuwa na mgonjwa nyumbani.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Vyama vingi vimekuja, watu wameanza kufungua midomo, lakini mhariri wa Mlio, Bwana Kilonzo, bado alikuwa akitazama nyuma kila akikohoa. Alikuwa ameshawahi kulala ndani kwa sababu ya picha moja tu, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Luseno akimchora mkubwa yeyote, Kilonzo anafuta uso. "Mchore kwa nyuma," anasema. Au, "Chora kiatu chake, inatosha." Ai! Nchi nzima ilikuwa ikitawaliwa na viatu.

Basi achore nini? Bei ya unga alishaichora mpaka hata unga wenyewe ukachoka. Mvua na mashimo ya barabara, alishachora. Mpira hakuthubutu tena: siku aliyochora timu ya kwao imeangukia pua, ndugu zake wa Huruma walikataa salamu yake. Na mtaa nao ulikuwa na maagizo yake. Mama mmoja anataka mwenye duka achorwe akiweka maji kwenye maziwa. Jamaa mwingine alitoka Kariokor kwa miguu kuomba wakwe zake wachorwe, eti wameongeza mahari katikati ya njia. Nikamwambia, "Kaka, wakwe hawachorwi. Wakwe wanalipwa." Akaenda zake akinuna.

Lakini taabu kubwa ilikuwa miili. Mtu hawezi kuchora kutoka hewani. Kwa kuwa nyuso za wakubwa zilikatazwa, Luseno alikuwa akiazima miili ya mtaani. Waziri akihitaji tumbo, anapewa tumbo la Kabiru, mwenye bucha iliyo mkabala na mfereji wa maji wa mtaa. Mke wa waziri akihitaji mdomo, anapewa mdomo wa Nekesa, muuza sukuma. Gazeti likitoka, Kabiru anavuka barabara na kisu chake mkononi, damu ya mbuzi bado inadondoka. "Luseno! Tumbo langu linafanya nini bungeni?" Nekesa naye alitunyima mboga wiki nzima. Ilifika mahali kila mtu wa Mbotela akinunua Mlio, kabla hajasoma habari za nchi, anajitafuta kwanza. Na asipojiona kabisa, huyo naye ananuna.

Jumanne moja Luseno alirudi kutoka kazini akakaa bila kuvua koti. Nikajua hapa kuna jambo.

"Kilonzo amesema watu hawaitazami tena kona yangu ya katuni," akaniambia. "Amesema nikimletea tena mvua na mashimo, Jumamosi kona anampa mtabiri wa nyota."

"Mtabiri wa nyota? Aseme nini, kwamba kesho kutakucha?"

"Na amesema picha yangu ikimpeleka kortini, ananifuta kazi siku hiyo hiyo."

Nilikasirika mpaka uzi ukakatika kwenye sindano. Unamwambia mtu achore kitu kitakachowasha mji, halafu unamkataza kiberiti! Lakini hasira ilikuwa ya juu juu. Chini yake nilikuwa na woga. Kabla ya kona ile Luseno alikuwa akibeba magunia kiwandani, Industrial Area, na kila jioni nilikuwa nikirudishiwa mtu aliyezimika, haongei, hata mtoto wetu Jacky akimchezea hacheki. Kona ilimrudisha mume wangu. Sikutaka kumpoteza tena.

Wiki ile ile ndiyo mabati yalikuwa yamezunguka uwanja wetu.

Uwanja ule wa nyuma ulikuwa kila kitu. Jumapili asubuhi ni kanisa, alasiri ni mpira. Mtu akifiwa, mikutano ya matanga inafanyika pale mpaka mwili usafirishwe nyumbani. Basi Jumatatu tumeamka, mabati yanang'aa, na vijana wanaochimbia nguzo ukiwauliza wametumwa na nani wanasema wametumwa. Watu walikuja juu, wakataka kuyang'oa. Mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Bwana Ngigi, akapanda juu ya kreti ya soda akatutuliza. Ngigi alikuwa na sauti ya mahubiri na suti ya kila siku. "Tutakufa na uwanja wetu!" akasema. "Lakini tufuate sheria. Asiguse mtu bati hata moja." Tukampigia makofi. Haki ya Mungu, mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

"Nitachora uwanja," Luseno akasema Alhamisi asubuhi, pale kizingitini.

"Utamchora nani? Mwenyewe hajulikani."

"Ndiyo uzuri wake. Hajulikani, kwa hiyo hana uso. Kilonzo atafuta nini?"

Nikacheka bila kutaka. Akaanza kuchora na mimi nikaacha sketi nikamwangalia. Alimchora mwanamume kwa nyuma, koti limembana, ameukunja uwanja wetu wote kama mkeka, ameutia kwapani, milango ya goli inachungulia mwishoni mwa mkunjo kama mapembe ya mbuzi. Anaondoka polepole, na chini kumeandikwa: "Samahani, napita tu."

Mgongo uliazimwa kwa Kabiru, maana Mbotela nzima hakukuwa na mgongo mpana kama ule. Safari hii nilimlazimisha Luseno aende kuomba ruhusa kwanza, sikutaka kuona kisu tena. Kabiru alifikiria, akapangusa mikono kwenye aproni, akasema, "Mgongo, sawa. Tumbo, ng'o!"

Kilonzo alipoiona picha Ijumaa, alitafuta uso, hakuuona. Akatafuta jina, hakuna. Akaipitisha akihema.

Jumamosi asubuhi wanawake tulikuwa mferejini tunafua. Maji yalikuwa yamekuja baada ya kukatika, kwa hiyo mtaa wote ulikuwa pale na mabeseni. Luseno alikuwa kizingitini, mgonjwa kama kawaida. Kabiru akavuka barabara na Mlio mkononi, ametabasamu mpaka kwenye masikio.

"Mnauona mgongo huu?" akatuuliza. "Huu si mgongo wa mchezo. Tazameni vile umejaa."

Tukamtania, Nekesa akimwambia sasa mbuzi wote watamwogopa. Ndipo Ngigi akatokea kwenye kona, suti na tai, gazeti amelikunja kama rungu. Hakusalimia mtu. Akatupita moja kwa moja mpaka mbele ya mume wangu.

"Luseno! Nani alikupa ruhusa ya kunichora?"

Luseno akasimama. "Mwenyekiti, mimi sijakuchora."

"Usinifanye mtoto! Mtaa mzima unaona ni mimi!"

"Ngoja kwanza," Kabiru akaingilia. "Mwenyekiti, heshima yako, lakini huu mgongo ni wangu. Niliombwa, nikakubali."

"Wako kivipi? Hilo ni koti langu!"

"Koti labda. Mgongo wangu!" Na Kabiru, mtu mzima yule, akageuka, akatuonyesha mgongo wake tuupime na gazeti. "Akina mama, semeni ukweli. Huu ni wa nani?"

Woi! Tulicheka mpaka mwingine akaangusha sabuni ndani ya mtaro. Wanaume wawili wanagombania mgongo wa mwizi! Lakini Ngigi hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka, na sauti ile ya mahubiri ilikuwa imekuwa nyembamba.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Mnanificha nini? Ni mimi amenichora, ili mnichukie!"

Nekesa akainuka kutoka kwenye beseni lake, povu mpaka viwikoni. Mdomo wa Nekesa nimeshautaja. Siku hiyo aliutumia taratibu.

"Lakini mwenyekiti," akasema, "huyu wa gazetini amebeba uwanja. Wewe uwanja uliubeba lini?"

"Sikuubeba!" Ngigi akajibu. "Sikuiba kitu! Nilipewa! Nilipewa na wakubwa, kihalali kabisa!"

Debe la mtu lilikuwa limejaa, maji yanamwagika, na hakuna aliyefunga mfereji. Nilimwona Ngigi akiyasikia maneno yake mwenyewe, akiyatafuta ayarudishe, na yalikuwa yameshaenda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Tumeketi naye kwenye kamati, tumesali naye!

Kabiru akageuka tena. Akalikunja gazeti vizuri, akampa Ngigi.

"Basi chukua, mwenyekiti," akasema. "Mgongo ni wako."

Hatukumaliza kufua. Tulikwenda na mikono yetu ya sabuni, na Kabiru na shoka la mifupa, na kabla jua halijapanda mabati yote yalikuwa chini. Sikuwahi kufanya kazi tamu kama ile maishani mwangu. Ngigi hatukumgusa. Alijifungia nyumbani kwake, akafunga na dirisha.

Lakini mwizi aliyefichuka ana meno. Jumatatu asubuhi Luseno aliitwa na Kilonzo upesi upesi. Ngigi alikuwa amempigia simu mhariri, akasema amechafuliwa jina, anaenda kortini, na wale wakubwa waliompa uwanja wanamjua Kilonzo kwa jina. Luseno alirudi amebeba kalamu zake ndani ya mfuko wa karatasi.

"Amenifuta kazi," akasema. "Nimemweleza Ngigi alivyosema, akaniuliza nina shahidi gani. Nikamwambia mtaa. Akasema mtaa hauwezi kupanda kizimbani."

Nilimwangalia akiuweka ule mfuko chini ya kitanda, na niliona uso wa kiwandani unamrudia. Hapo moyo wangu ulikataa. Kabisa. Nilitoka nje nikasimama mferejini, nikasema yote kwa sauti, mwenye kusikia na asikie.

"Nani anasema mtaa hauwezi kupanda?" Nekesa akauliza, akajifunga leso.

Tulishuka Jogoo Road kwa miguu mpaka mjini, wanawake wa mfereji mzima, wengine watoto mgongoni, na Kabiru nyuma yetu kama askari. Luseno nilimshika mkono, kalamu zake mimi ndiye niliyezibeba. Mlinzi wa Mlio alituuliza tunamtaka nani, tukampita kabla hajamaliza swali. Ngazi zile zilikuwa nyembamba, tukazijaza kuanzia chini mpaka mlangoni kwa Kilonzo.

Kwanza aliogopa, nadhani alidhani tumekuja kumpiga. Nikamwambia, "Bwana mhariri, shikamoo. Uliomba shahidi."

Tukamwambia. Kila mmoja alisema kwa maneno yake, lakini lile neno la Ngigi lilikuwa moja midomoni mwa wote: nilipewa. Mama mmoja alilisema kwa Kikikuyu, Nekesa akaliiga na sauti yenyewe nyembamba, Kabiru akageuka kuonyesha mgongo aliougawa. Kilonzo alianza kuandika, kisha akaacha kuandika. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Kumbe mzee anacheka, anacheka mpaka miwani imeanguka mezani.

"Alikuja mwenyewe?" akauliza. "Kwa miguu yake? Mgongo si wake, na akaugombania?"

"Mbele ya hao wote," Luseno akasema.

Kilonzo akapangusa macho. Akautazama ule mlango uliojaa wanawake, mpaka ngazi. Sijui aliona nini, lakini yule mtu aliyekuwa akitazama nyuma kila akikohoa hakutazama nyuma. Akavuta kiti chake mwenyewe, akamwekea mume wangu.

"Kaa hapa, Luseno. Mchore Ngigi, na jina lake, na hilo neno lake chini."

"Kwa nyuma?" Luseno akauliza.

"Uso," Kilonzo akasema. "Uso wote."

Nikampa kalamu. Akaanza kuchora, na sote tukainama juu ya meza ile. "Pua bado ndogo," Nekesa akasema. "Ongeza tai," mwingine akasema. Macho yale ya Ngigi yalipotokea kwenye karatasi, nilisisimka mwili mzima. Kilonzo akaichukua, akaitazama, akaweka sahihi yake kwenye pembe. Na hapo, ndugu zangu, tulipiga vigelegele, wa kwetu Murang'a na wa kwao magharibi, mpaka wapiga chapa wakapanda kutoka chini mbio, mikono imejaa wino, wakiuliza nani anaolewa.

"Hakuna harusi," nikawaambia. "Mume wangu amechora uso."