Mkasi Niliouunda kwa Springi za Lori

Hapo mtaani Satellite, mwanzoni mwa miaka ya sabini, niliiundia trekta yangu mkasi wa kukatia miti: visu vya springi za lori na jeki ya tipa iliyokufa. Hofu yangu yote ilikuwa ile paipu kuukuu ya kupeleka oili kwenye jeki, niliyonunua River Road. Ikipasuka, oili ya moto itamchoma mtu. Nikaizungushia magunia, nikamwamuru mke wangu aingie nyumbani asitoke.

Nilipovuta wenzo, paipu haikupasuka. Mkaratusi wa uani niliouanza nao ulikatika kama muwa, lakini haukuanguka. Ulisimama juu ya visu, ukitafuta pa kuangukia. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kisha upepo ukauinamisha upande wa nyumba. Na mke wangu, ambaye hakuwahi kunisikiliza, siku hiyo alikuwa amenisikiliza.