Papa Jaji na Mkalimani Wake

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasuka nywele barazani pa jengo moja kuukuu pale Point, Durban, Afrika Kusini. Nafasi ile ndiyo iliyowalisha wanangu wawili. Mwanamke mmoja aliyekuja baada yangu akaitamani, tukagombana, na wakubwa wa chama chetu cha wakimbizi wakatupeleka kwa jaji.

Jaji mwenyewe alikuwa mzee wa Afrika Magharibi, mkimbizi kama sisi, amepanga chumba Glenwood. Kwao alikuwa mbunge, akawa waziri, halafu akapewa ujaji, mpaka serikali yao ilipopinduliwa akatoroka na suti mbili. Tulimwita Papa Jaji. Yule mwenzangu alimtangulizia sufuria la samaki. Mimi nilikwenda na mashahidi watatu. Nilipofungua mdomo tu, akainua kidole: "Jibu nilichouliza, Mama. Usiongeze, usipunguze." Dakika tano, nafasi yangu imekwenda. Mashahidi wangu hawakuulizwa hata majina, na yeye bado anachokonoa meno! Nililia kwa hasira. Nikaapa mzee huyu atanitambua.

Sasa, mimi nilikuwa na Kifaransa, na Kiingereza cha kujikokota, kwa hiyo ofisi ya wakimbizi ilikuwa ikiniita kutafsiri mahojiano ya wanaoomba hifadhi. Wakalimani tulikuwa na desturi yetu. Mtu akijiponza kwa mdomo wake, unalimeza lile neno, hulitafsiri, unampitisha. Nimemeza ya wengi.

Asubuhi moja nani anaingia? Papa Jaji, na tai yake.

"Ah, Mama! Leo niko mikononi mwako."

"Karibu, Papa."

Ofisa, dada mmoja mpole, akamwuliza alifanya kazi gani kwao. Angesema tu kwamba anatafutwa auawe, ingetosha, na ilikuwa kweli. Lakini cheo bado kilikuwa kichwani. Akahesabu bunge, akahesabu wizara, akafika mahakamani, akavimba: "Mwambie serikali iliniamini. Wapinzani arobaini niliwafunga asubuhi moja, na sikupoteza muda kumsikiliza hata mmoja."

Mkalimani yeyote wa Durban angelimeza hilo. Mimi niliwakumbuka mashahidi wangu watatu. Nikalitoa polepole, neno kwa neno.

Kalamu ya ofisa ikasimama. "Hata mmoja?"

Nikamgeuzia swali kwa Kifaransa. Hapo ndipo alipoelewa nimefanya nini. Akaniinamia, akanong'ona: "Mama, jamani, lile usingelitafsiri."

"Amesema nini?" ofisa akauliza.

"Amesema lile nisingelitafsiri."

Barua ya kumkataa ilitoka baada ya wiki chache, na aliyeitwa kumsomea ni mimi. Nilisoma yote, kwamba aliyefunga watu bila kuwasikiliza hapewi hifadhi, mpaka sahihi. Sitadanganya, nilifurahi. Akafungua mdomo ajieleze.

Nikainua kidole.