Mkono wa Paskalina

Jiwe la kusagia lilikuwa limelala uso chini tangu Paskalina azikwe. Kwa kina Paskalina ndivyo walivyofanya: msagaji akifa, jiwe lake halifunuliwi mpaka msiba uishe. Jilala, mumewe, hakuligusa. Alikuwa akifagia kulizunguka tu.

Jiwe lenyewe lina miguu mitatu. Sista Konsuelo alilitoa kwao Meksiko akalileta mpaka Ushirombo, watu wakacheka: mzungu gani huyu anatembea na mawe?

"Si mzungu," Paskalina aliwajibu. "Kwao wanakula mahindi kama sisi."

Sista aliwafundisha kina mama kuchemsha mahindi na chokaa, kuyasaga yangali na maji, kuchoma mkate mwembamba kwenye kikaango. Kisukuma hakukijua. Paskalina ndiye aliyekuwa mdomo wake. Walizunguka wawili hao kijiji kwa kijiji mpaka Katoro, na wachimbaji wa dhahabu wakawa wanashuka duarani, ndani ya mashimo yao, na mkate ule kifuani, maana hauchachi upesi. Wajane wangapi wamesomesha watoto kwa mkate wa Sista! Alipofariki alimwachia Paskalina jiwe lile, na Paskalina alimlilia Sista kuliko watawa wenzake Sista.

Tangu hapo, kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, parokia humwekea Sista meza kama alivyowafundisha mwenyewe: maua ya njano, chakula, picha. Mwaka huu Ignas, mwenyekiti wa kamati, alikuja na Mama Goodness wa kamati hiyo nyumbani kwa Jilala.

"Shikamoo, Baba Luka."

"Marahaba," Jilala akaitika.

"Tumekuja kuomba jiwe la Sista, likae mezani."

"Jiwe la nani?"

Ignas akakohoa. Mama Goodness akadakia, "La marehemu Mama Luka, baba. Huyu ulimi umemteleza, msamehe."

Jilala akasema, "Ile picha ya Sista na mke wangu, wanasaga. Bado mnayo?"

"Ipo parokiani. Tutaikuza iwe kama mlango!"

"Mimi sina hata moja. Uso wake umeanza kunipotea. Wekeni picha, chukueni jiwe."

"Utamwona, baba," alisema Mama Goodness.

Basi, msiba haujaisha, Jilala akaligeuza jiwe kwa mikono yake.

Siku ilipofika alivaa koti la harusi ya mwanawe Luka, akafunga michembe kwenye kitambaa. Mkewe alipenda sana viazi vikavu. Pale parokiani, juu ya meza, picha ilikuwa kubwa kweli. Sista anacheka. Pembeni yake wamechora maua. Paskalina hayupo. Umebaki mkono tu, umeshika jiwe, umeishia kwenye kiwiko.

"Ignas, mke wangu yuko wapi?"

"Baba Luka, mgeni anatoka jimboni, na siku yenyewe ni ya Sista. Fundi wa stesheneri kapunguza kidogo."

"Na ile ya zamani?"

"Ilishaliwa na mchwa. Tukaichoma."

Jilala hakupiga kelele. Alifungua kitambaa, akaweka michembe chini ya ule mkono.

"Samahani, Sista," akasema. "Wewe usingemkata."

Akainama, akalitwaa jiwe, akalitupia begani watu wakiona.

"We mzee! Ibada inaanza!" mmoja wao akaita.

"Anzeni."

Nyumbani alililaza jiwe uso chini, akakaa karibu nalo. Akajaribu kumkumbuka mkewe. Kilichokuja ni mkono.