Nafasi ya Mgeni Mkekani

Harufu ya ndimu na majivu ya jikoni hunirudisha Kariakoo ya utotoni mwangu, enzi za Mwingereza. Kwa vitu hivyo viwili babu, mzaa mama, aliisugua nishani yake ya vita kila Ramadhani ilipoandama. Ilikuwa ya fedha, upande mmoja sura ya mfalme, na ukingoni limechongwa jina la babu. Alitunukiwa kwa kumbeba mgongoni ofisa aliyejeruhiwa na kumvusha mto huku risasi zikimiminika. Aliivaa kifuani mwezi mzima; sokoni watu walimpisha njia, nami binti mdogo kando yake nilivimba kichwa kana kwamba mimi ndiye niliyevuka huo mto. Nyumbani, hata hivyo, nilimwogopa. Tulipokaa kufuturu aliacha nafasi tupu mkekani, upande wa mlango, na ole wake atakayeikalia. "Hapo pana mtu," alisema. Paka wetu tu ndiye aliyeachwa ajilaze pale.

Mwaka ule mvua zilizidi, bonde la Jangwani kote maji, na vyura walilia hadi adhana ikasikika kwa shida. Magharibi moja, tende zikiwa bado mikononi, tulisikia hodi. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mtu aliyechoka. Bibi akauliza, "Nani?" Ikajibu, "Mimi." Bibi hakuwa mwepesi wa kutishika, lakini alinivuta akanibana ubavuni mwake. "Mimi nani? Sema jina lako!" Kimya. Vyura nao wakanyamaza. Babu akairudisha tende yake sahanini. "Usimwulize wewe," alisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kumwuliza." Ndipo akatueleza, kwa mara ya kwanza, kwamba kando ya ofisa yule alilala mpagazi aliyembebea babu mizigo safari nzima, naye kapigwa risasi, akimwita babu kwa jina asimwache. Babu alikuwa na mgongo mmoja, akambeba mwenye cheo. Katikati ya mto bado alisikia akiitwa, akataka kumjibu, akagundua hajui amwite nani. Miezi yote ile alikuwa akimwita "wewe" tu. Alilia mbele yetu bila kujificha, kisha akaenda kufungua mlango. Barazani palikuwa na mvua tu. "Karibu, ndugu yangu," akasema. "Nisamehe." Siwezi kuapa kwamba nilimwona mtu akiingia. Ila paka aliinuka, akajinyoosha, akasogea kando taratibu, kama afanyavyo akimpisha mtu anayetaka kukaa. Babu akaivua nishani, akaiweka pale mkekani, na hakuivaa tena maishani mwake.

Nyumba ile sasa ni ghorofa la maduka. Kariakoo imebaki na jina la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi pale wakati wa vita vile vya babu, na wengi wanaolitamka kutwa hawalijui hilo. Wajukuu wangu hula mezani, kila mmoja na sahani yake, na hunicheka kwa kiti kimoja ninachokiacha wazi upande wa mlango, nikisema pana mtu. Juzi mdogo wao aliichukua nishani akasoma jina la babu ukingoni bila taabu. Kisha akaniuliza yule wa kwenye kiti anaitwa nani. Niligeuza macho mlangoni, kama anayesubiri mwenye jina alitaje mwenyewe.